Binti yangu wa Form Three anaamka saa kumi alfajiri, naombeni ushauri

MamaChanika: Wakuu, habari za jioni. Tunakaa Chanika, binti anasoma shule ya kutwa huko Ilala. Saa kumi na nusu alfajiri yuko kituoni, maana kukikucha makonda wanawakataa wanafunzi, nauli yao ya 200 hawaitaki. Akichelewa namba, ile hesabu ya asubuhi shuleni, adhabu inamsubiri. Jioni kuna rimedio, yaani masomo ya ziada, halafu foleni, nyumbani anaingia saa mbili usiku. Hapo hajaoga, hajala, hajagusa daftari. Kulala ni saa tano.

Juzi nimemkuta kalala mkekani, tonge la ugali liko mkononi, mchuzi umeshamkaukia vidoleni. Nikamnawisha humo humo usingizini, hakushtuka. Baba yake anasema ni uvivu na simu. Simu hana. Nifanyeje?

Muuguzi wa Zamu: Pole sana dada. Huyo si mvivu. Mtoto akibalehe saa ya mwili inasogea: melatonini, homoni inayoleta usingizi, inachelewa kutoka usiku na asubuhi inachelewa kuisha. Kwa hiyo kwa kawaida kijana wa rika hilo hapati usingizi mapema; wako akiangukia mkekani ni uchovu uliomzidi. Umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Wako anapata 5. Mpeleke akapimwe na wingi wa damu, mabinti wa rika hilo hupungukiwa bila kujua.

Ticha Mkongwe: Nenda kwa mwalimu wa darasa, umweleze hayo ya tonge kama ulivyotueleza sisi. Omba aruhusiwe kuikosa rimedio hata siku mbili kwa wiki. Nakiri sisi walimu tunashindania matokeo, tunawabana watoto. Kenya kanuni zao za 2015 zinataka masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi, na California tangu Julai 2022 sekondari nyingi za umma haziruhusiwi kuanza kabla ya saa mbili na nusu.

Baba Wawili: Mhamishe. Wangu alikuwa anatoka Mbagala kwenda mjini, nikamrudisha shule ya kata. Ndugu walinisema sana. Sasa anatembea dakika ishirini, anaamka saa kumi na mbili, na ameanza tena kucheka mezani. Kaulize kwanza nafasi kwa mkuu wa shule unakotaka aende. Fanya haraka kabla hajaingia Form Four.

Zuhra_K: Mtu asije akakushauri umpangie geto, chumba cha kuishi peke yake, karibu na shule. Tumeona mabinti wangapi wameharibikiwa huko. Hosteli yenye matroni sawa, geto hapana.

MamaChanika: Ahsanteni wote. Nimemsomea mzee maneno ya Muuguzi, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza kama shule ya kata ya hapa ina mwalimu wa fizikia. Kesho asubuhi naenda kuuliza.