Bagamoyo hadi Tanga kwa njia ya pwani kupitia Saadani: mimi na mume wangu tunaomba ushauri

BintiKaole
Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mume wangu tunaishi Bagamoyo na tumepata likizo pamoja mwishoni mwa Juni, jambo ambalo kwa kazi zetu ni nadra. Tunakwenda Tanga kwa gari letu. Yeye anataka tupite Msata, Segera, Muheza, lami mwanzo mwisho, jioni tumefika. Mimi natamani njia ya pwani: Makurunge, Saadani, Mkwaja, Pangani. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuiona hifadhi ya Saadani, na sisi tulio jirani zake hatujawahi kukanyaga.

Gari ni Rav4 ya zamani. Foo wili inafanya kazi, ila tumbo liko chini kidogo. Je, litapita? Tulale hifadhini au tupite tu? Na wanyama kweli wapo? Mume wangu ameambiwa kazini kwamba unaweza kuzunguka kutwa nzima ukaambulia ngiri. Naomba majibu ya watu wanaoijua njia, nimwoneshe.

Dereva_wa_Mwera
Dada, kwa mwezi mmechagua vizuri. Masika ikishakata, ardhi inakauka na njia inapitika. Shida ya Saadani ni udongo wa mbuga, ule mweusi. Ukiwa mkavu unapita hata na gari dogo ukienda taratibu. Ukilowa, mvua ya saa moja tu inatosha, unajaza tairi hadi linakuwa duara laini lisilo na meno, na hapo foo wili haikusaidii kitu. Kwa hiyo siku moja kabla ya kuondoka pigeni simu hifadhini, muulize imenyesha lini mara ya mwisho. Wakisema jana, subirini au pitieni Mandera, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, mkaulize tena huko. Barabara ya kutoka Mandera hadi kijiji cha Saadani ni kama kilomita 60.

Barabara kuu ya pwani ya Bagamoyo hadi Tanga imekuwa kwenye ujenzi, mtakutana na michepuko ya vumbi. Chukueni spea tairi nzima, jeki na kipande cha ubao cha kuwekea jeki, maana mchangani jeki inazama. Na shemeji naomba mumsikilize: anayeliwazia gari ndiye atakayewafikisha. Alipeleke gari kwa fundi wake kwanza, akague shoku apu na kinga ya sampo, moyo wake utulie.

Tohe_wa_Pwani
Nimefanya kazi ya kuongoza wageni huko, kwa hiyo swali la wanyama niachieni mimi.

Mkienda mkitarajia Serengeti mtaumia. Saadani ni nyasi ndefu, vichaka na bahari. Mnyama yupo ila anajificha. Twiga, kuro, tohe, kongoni na ngiri mtawaona bila shida. Tembo na simba wapo, lakini picha za tembo ufukweni ni za bahati, msiijenge safari juu ya hiyo. Wakati wa kuzunguka ni alfajiri na kuanzia saa kumi jioni. Anayeingia saa sita mchana, jua la utosi, ndiye huyo anayekwenda kusimulia ngiri kazini.

Kinachonipa uchungu ni Watanzania wanaopita bila kupanda boti Mto Wami. Hapo ndipo Saadani ilipo! Boti inakwenda polepole kuelekea mdomo wa mto, kushoto na kulia miti, mbega wanaruka juu, na karibu na bahari mikoko inaanza. Viboko mtaona kwanza masikio tu yanapigapiga maji, halafu pua, halafu mnagundua ni familia nzima na boti imeshawakaribia. Mamba wanalala kwenye tope maji yanapokupwa, midomo wazi. Furukombe anawaangalia kutoka juu. Boti inalipiwa kivyake, iombeni mapema.

Vaeni nguo za rangi hafifu. Mbung'o wanafuata buluu na nyeusi, na wanafukuza gari linalotembea, kwa hiyo funga vioo. Malipo langoni si ya fedha mkononi, ni kadi au kontroo namba. Usiku hairuhusiwi kuendesha hifadhini, ndiyo maana nasema laleni humo angalau usiku mmoja. Kupita tu ni kulipia mlango.

MamaRaskazone
Mimi wa Tanga, nachangia kidogo. Kituo cha pili kiwe Ushongo, kabla ya kuvuka mto Pangani. Kutoka hapo mnakwenda kisiwa cha Maziwe kwa mashua maji yakiwa yamekupwa. Zamani kilikuwa na mivinje, leo ni fungu la mchanga linalozama lote maji yakijaa. Ndiyo maana mayai ya kasa hutolewa Maziwe na kufukiwa upya Ushongo. Ulizeni kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa. Mkibahatika kuona vitoto vikikimbilia maji mtazungumza habari hiyo miaka.

Pangani mtavuka na kivuko, kama daraja halijaanza kupitisha magari. Mkishavuka, kilomita kama 50 mpo Tanga mjini, na njiani kuna magofu ya Tongoni, makaburi ya nguzo chini ya miti. Simameni hata nusu saa.

BintiKaole
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Habari ya boti ndiyo iliyomgeuza, na ubao wa jeki ameshautafuta. Amekubali kwa sharti moja: kurudi tupite Segera.

Dereva_wa_Mwera
Sharti la haki. Mkirudi, Muheza nunueni machungwa, ndio msimu wake. Suala la mafuta limesahaulika hapo juu: jazeni tangi Bagamoyo, msitegemee kupata njiani mpaka Pangani mjini, na Pangani mjini ni ng'ambo ya mto.