Jeshi la wafu kutoka Shinyanga hadi Ukerewe: hesabu zinakubali?

Mchezeshaji_Igoma

Wakuu, habari za humu. Naandaa mchezo wa kete wa vikao sita, wachezaji watano. Adui ni Mtemi Lufu, mfufua wafu anayemeza himaya moja baada ya nyingine kutoka upande wa Shinyanga akielekea ziwani. Ana wafu 4,000, wengi wao mifupa mitupu, na watu hai 30 wa kumsaidia. Zama ni miaka ya 1870: magobore, mikuki, misafara ya pembe.

Nilivyopanga, anateka Mwanza mjini, anavuka kwenda Ukerewe, na wafu wanaozama njiani wanaliwa na sangara. Shida ni kwamba kila nikipiga hesabu hakuna wa kumzuia. Wafu hawali, hawalali, hawaogopi. Wachezaji watashindaje bila mimi kuwabeba? Nataka namba: kasi, jeshi linadumu muda gani, maji anavukaje, na linavunjikia wapi.

Luseni

Kwanza tusafishe ramani. Mwaka 1870 na kitu hakuna Mwanza mjini. Mji ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892. Kabla ya hapo una vijiji na watemi, kila mmoja na eneo lake, kwa hiyo Lufu hana "mji mkuu" wa kuteka. Atawamaliza watemi mmoja mmoja, na hilo ni zuri kwako maana kila mtemi anakuwa kikao kimoja. Sangara nao futa. Waliletwa ziwani miaka ya 1950. Magugu maji pia yasionekane, hayo ni ya juzi tu. Ukitaka kitu cha kutafuna wafu majini weka mamba, kambare na kamongo.

Sasa mwendo. Shinyanga hadi ziwani chukua kilomita 160. Kiunzi cha mifupa hakina misuli ya kusukuma, kwa hiyo usimpe zaidi ya kilomita 2 kwa saa. Akienda usiku na mchana ni kilomita 48 kwa siku, siku tatu na theluthi yuko ufukweni. Msafara wa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani, ulikuwa unafanya kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Ndiyo maana unaona hakuna wa kumzuia: habari za kuja kwake zinafika pamoja naye.

Lakini angalia miguu inakanyaga nini. Usukuma kila udongo una jina na tabia yake. Kwenye luseni, ule mchanga, wafu wanapita. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni, kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa mfupa mtupu unaingia hadi gotini, na masika unakuwa gundi. Mtu hai akinasa anavuta mguu, kiatu kinabaki. Mfu akinasa anavuta mguu, mguu unabaki. Jeshi likipita mbugani mwezi wa tatu, mlazimishe kurusha kete kila kilomita 5, asilimia 3 wabaki hapo. Mchezaji mwenye akili atamvutia mabondeni.

NyamparaMstaafu

Luseni kasema vizuri ila kasi ya usiku na mchana siikubali, na hapo ndipo jibu lako lilipo. Umesema watu hai 30. Hao wanafanya nini? Kama mfu hana akili yake, lazima kuna anayemwongoza. Gawa: 4,000 kwa 30 ni kama wafu 133 kwa kila nyampara. Sawa. Nyampara halali?

Akilala, wafu wake wanasimama. Unaweza kumbeba kwenye machela, lakini usingizi ni usingizi. Ukitaka jeshi litembee saa 24, lazima zamu tatu, yaani wanyampara 10 tu ndio wako macho kwa wakati mmoja, kila mmoja kashika wafu 400. Ama anatembeza theluthi ya jeshi, wafu 1,330 hivi, na wengine wanasubiri. Ama wote wanatembea mchana tu, saa 10, kilomita 20. Siku nane hadi ziwani, sawasawa na msafara wa pembe.

Kwa hiyo udhaifu wa jeshi la wafu ni wale walio hai. Wanakula, kilo moja ya nafaka kwa mtu kwa siku, wanakunywa, wanaharisha. Wachezaji wasihangaike na wafu 4,000. Wawawinde 30. Kila nyampara anayeanguka, wafu 133 wanaganda walipo hadi mwenzake awachukue, na huyo sasa ana 266. Weka kikomo: akizidi 300 anaanza kuchanganya amri, wa kushoto wanakwenda kulia. Namba hizo ni za mchezo, badilisha upendavyo, ila usifute kikomo chenyewe. Kikifutwa hakuna vita, kuna tangazo la ushindi.

Na wasipewe mavazi tofauti! Wachezaji wapeleleze wenyewe nani hai. Njia rahisi ni kutazama nani anasogea kivulini saa sita mchana.

Mchezeshaji_Igoma

Hii ya zamu imenifungua macho. Je, nimpe maiti mbichi pia? Na mifupa inashikanaje, au niseme ni uchawi tu?

mwalo_kirumba

Usiseme "uchawi tu". Mchezaji akisikia hivyo anaacha kufikiri.

Maiti mbichi hazimfai sana. Kwa joto la huku, nyuzi 25 hadi 30, nzi wanataga ndani ya saa chache. Mwili unaanza kukakamaa baada ya saa mbili hadi sita na hulegea kama siku ya pili, kwa hiyo siku ya kwanza mfu wako ni gogo. Siku ya pili hadi ya nne anavimba. Akiachwa wazi, wiki chache baadaye karibu yote ni mifupa. Ana siku kama tatu za kazi, basi, na harufu yake inakimbiza ng'ombe na kumtangaza kabla hajafika. Watumie kwa shambulio moja la kushtua.

Mifupa ndiyo mali. Ila kano zikishaoza hakuna kinachoishika, kwa hiyo uchawi uiendeshe, kuifunga afunge kwa mkono. Katani haijaletwa bado nchini zama hizo. Atumie ngozi mbichi ya ng'ombe: inafungwa ikiwa imelowa, ikikauka inabana kama chuma. Magoti mawili, nyonga mbili, vifundo vya miguu viwili, mabega mawili, viwiko viwili, viganja viwili, shingo moja. Mafundo 13, kila moja mita moja ya ukanda. Ngozi moja ikikatwa kwa kuzunguka kutoka ukingoni kwenda katikati, upana wa sentimita moja na nusu, toa sehemu mbovu, utapata kama mita 130. Viunzi kumi. Kwa jeshi lako ni ng'ombe 400, na hapo tayari unajua kwa nini anateka: anafuata zizi, si kiti cha utemi. Mtemi anayehamisha ng'ombe mapema amemfunga mikono.

Halafu usiku. Fisi. Meno yake yanavunja mfupa na tumbo lake linauyeyusha, ndiyo maana kinyesi chake ni cheupe. Jeshi la mifupa lililofungwa kwa ngozi, kwa fisi wa Shinyanga, ni karamu inayotembea. Wanyampara watawasha moto kila kambi, na moto unaonyesha walipo.

Luseni

Hapo kwenye ngozi mbichi umemaliza mchezo wote, mkuu. Maana ziwa sasa lina kazi. Ngozi mbichi ikiloa inalainika. Akiwatembeza chini ya maji kwenda Ukerewe, saa ya kwanza mafundo yamelegea, magoti yanaachia, na tope linabaki na miguu. Kilo nne au tano za mifupa mikavu majini hazina uzito wa kushindana na wimbi.

mwalo_kirumba

Ndiyo. Zimebaki njia mbili. Kupaka mafundo samli ili maji yasipenye haraka: inasaidia kidogo, lakini ngozi yenye mafuta haibani, inateleza, na jeshi litachechemea tangu nchi kavu. Njia ya pili ni mitumbwi, naye hana. Hata Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, mwaka 1875 alilazimika kuomba mitumbwi kwa mtawala wa Ukerewe ili avushe msafara wake. Sasa nani atamwazima Lufu?

Akiiteka, asiwapakie wamesimama. Mtumbwi unapinduka kwa kilicho juu, hata kikiwa chepesi. Awafungue, kila mfu tenga lake, awapange kama dagaa wakavu. Ng'ambo ndiko kuna kazi: mafundo 13 kwa dakika tatu ni dakika 39 kwa mfu mmoja, na vidole vya mfupa havifungi fundo, kwa hiyo ni wale 30 tu. Saa 87 kwa jeshi zima. Wakifanya kazi saa 10 kwa siku ni siku tisa. Wachezaji wana siku tisa, na matenga 4,000 yamelala ufukweni.

Tenga_la_Dagaa

Nyongeza fupi. Usiwaite wafu hawa misukule. Kwa wanaoisimulia huku, msukule hajafa: anachukuliwa, ndugu wanazika mgomba wakidhani ni yeye, anakatwa ulimi, analishwa pumba, analimishwa usiku. Hicho ni kikosi kingine kabisa, na cha kutisha zaidi, maana anakula na anaweza kurudishwa nyumbani. Mpe Lufu misukule 50 mashambani, wanaolisha wale 30. Wachezaji wakiwaokoa, wanyampara wanakosa chakula.

Na mambo mawili yasifike mezani. Bikizee mwenye macho mekundu kama dalili ya uchawi, hapana. Macho hayo ni moshi wa kuni, na wazee wameuawa kweli kanda hii kwa sababu hiyo. Pia usifufue wafu wa meli. MV Bukoba ilizama 1996, na Mwanza hujui nani amekaa mezani.

Mchezeshaji_Igoma

Nimepokea yote mawili. Basi anaanza mwezi wa sita ili akwepe tope, anafuata mazizi, na kikao cha tano ni zile siku tisa. Swali la mwisho: wachezaji wakiyasukuma matenga majini usiku, mifupa ikiloa halafu jua likaikausha tena, si wafu wanapona tu?

mwalo_kirumba

Waliokwishafungwa na kulala karibu na maji, ndiyo, ngozi itabana tena. Ila itabana katika mkao ulivyo. Aliyelala kifudifudi mchangani, goti limekunjwa na mkono uko mgongoni, atakauka hivyohivyo, na atapigana hivyohivyo hadi mtu akate fundo na kulifunga upya.