Mjadala: Je, mashambulizi ya kushtukiza katika Football Manager ni silaha ya timu dhaifu tu?

Mtoa mada

Ndugu wadau, kila wanapokutana watu wanaocheza Football Manager na michezo mingine ya kompyuta ya umeneja wa soka, hoja hii haikosi kuibuka: kwamba kukaa nyuma, kuupora mpira na kushambulia kwa kushtukiza ni mbinu ya kuombea sare unapokuwa na kikosi duni, na kwamba meneja anayeendelea nayo hata baada ya kusajili wachezaji wazuri ama hajui mpira, ama ananufaika na kasoro za injini ya mechi, yaani programu inayoamua kinachotokea uwanjani. Mimi sikubaliani nayo. Nafasi ya kushtukiza haizaliwi na udhaifu wa timu yako, bali na uthubutu wa mpinzani. Anayepanda mbele anaacha uwanja mtupu nyuma ya mabeki wake. Anayebaki nyuma hakuachii kitu, uwe na kikosi cha kubangaiza au cha mabingwa.

Sehemu ya lawama naielekeza kwa mchezo wenyewe. Kabla ya toleo la 2019, Football Manager ilikuwa na ngazi saba za mwelekeo wa timu, na mojawapo, iliyokaa upande wa kujihami, ilibeba jina la shambulizi la kushtukiza. Aliyeichagua alipata timu ya tahadhari, na kwa hiyo kizazi kizima cha wachezaji wa mchezo huu kilijifunza kwamba kushtukiza na kuogopa ni kitu kimoja. Toleo la 2019 liliitenganisha mizigo hiyo miwili. Ngazi ile ikawa ya tahadhari tu, na maagizo yakagawanywa katika sehemu tatu: timu inapokuwa na mpira, inapokuwa haina mpira, na ule muda mfupi mpira unapohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Katika sehemu hii ya tatu ndimo ulimoamua kama vijana wako wakiupata mpira waondoke nao papo hapo au watulie wajipange, na wakiupoteza waukabie palepale au warudi nyuma. Hakuna kinachokuzuia leo kuwa na timu inayokaba juu kabisa, yenye mwelekeo wa kushambulia, na bado ukawaagiza waondoke kwa kasi kila wanapoupora mpira.

Naomba nieleze jambo nililolitazama kwa macho yangu, maana ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa na timu iliyopanda daraja, naongoza bao moja kwa bila dhidi ya timu kubwa, dakika zimefika 70 na kidogo. Kona yao ikaokolewa na beki wangu wa kati, mpira ukaangukia kwa winga wangu wa kushoto, na mbele yake palikuwa na beki mmoja tu na nusu nzima ya uwanja. Winga yule alikuwa na kasi ya 17 kati ya 20. Akakimbia vizuri mpaka pembeni ya eneo la hatari, mshambuliaji wangu akiwa amejitenga katikati na anasubiri pasi ya mita kumi hivi. Badala ya kuitoa, winga akasimama, akageuka nyuma, akasubiri mpaka mabeki watatu wakarejea, kisha akapiga krosi iliyomgonga wa kwanza wao. Nikaukatisha mchezo kwa muda na kufungua ukurasa wake. Uwezo wa kufanya uamuzi ulikuwa 7, na utulivu 8.

Nilikuwa nimesajili mbio nikidhani nimesajili shambulizi. Tangu siku hiyo, ninapotafuta mchezaji wa kushtukiza, kasi naitazama mwisho. Kwanza natazama uamuzi, kisha mguso wa kwanza, kisha namna anavyojipanga asipokuwa na mpira, na kwa yule atakayeanzisha, ambaye mara nyingi ni kiungo mkabaji na si kiungo mshambuliaji, natazama pasi na uwezo wa kuona mbali. Kiungo mkabaji anayepora mpira mara nane na kuurudisha kwa mlinda mlango mara saba ameua mashambulizi saba, hata kama takwimu za mwisho wa mechi zitamsifu.

Kwa upande wa soka halisi, watu humtaja Leicester City peke yake, wakadhani hoja imekwisha. Ni kweli kwamba Leicester ya Claudio Ranieri ilitwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 kwa pointi 81, ikimiliki mpira chini ya nusu ya muda, Jamie Vardy akifunga mabao 24 na Riyad Mahrez 17. Lakini Real Madrid ya José Mourinho, msimu wa 2011/12, ilichukua ubingwa wa Hispania kwa pointi 100 na mabao 121, na sehemu kubwa ya sifa yake ilikuwa kuondoka langoni kwake na kufika langoni kwa mpinzani kwa pasi tatu au nne. Je, na hiyo nayo ilikuwa timu dhaifu?

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani, ndugu mtoa mada, kwa kulileta jambo hili kwa utaratibu. Nitakupinga kidogo, na nitaanzia mahali usipopagusa. Mimi nilianza na Hattrick, mchezo wa umeneja wa kwenye intaneti ulioanzia Sweden mwaka 1997, ambako hutazami mechi kwa picha bali unasoma tu matukio yake. Humo waliotunga sheria wamelijibu swali lako waziwazi. Ukichagua mbinu ya kushtukiza, nguvu ya safu yako ya kiungo inakatwa asilimia 7, na nafasi za kushtukiza zinakuja tu iwapo umezidiwa kwenye kiungo kabla hata ya makato hayo kuhesabiwa. Yaani mwenye kiungo bora hawezi kujifanya mnyonge ili azipate, makato hayamsaidii. Tena nafasi yenyewe huja baada ya mpinzani kushambulia na kukosa, na mabeki wako ndio wanaohesabiwa, huku uwezo wao wa kupiga pasi ukiwa na uzito mkubwa. Kwa sheria hizo, kushtukiza ni silaha ya aliyezidiwa, na imeandikwa hivyo kwa makusudi.

Sasa wewe unasema katika Football Manager hali ni tofauti, nami nakubali kwamba injini zake hazifanani. Lakini mfano wako wa Real Madrid unaudhoofisha msimamo wako mwenyewe. Timu ile haikuishi kwa kushtukiza peke yake. Ilipokutana na timu zilizojaza watu nyuma ilikuwa na wachezaji wa kufungua mlango uliofungwa. Mwenye kikosi cha namna hiyo hahitaji mbinu, anahitaji tu asiwaharibie vijana wake. Na kuhusu Leicester, msimu uliofuata walimaliza nafasi ya 12 kwa pointi 44, na Ranieri alifutwa kazi Februari 2017. Wapinzani walishawajua.

Mchangiaji wa pili

Kwa ufupi tu, wakuu. Mchangiaji aliyetangulia amesahau kwamba N'Golo Kanté, kiungo mkabaji wa Leicester, aliondoka kwenda Chelsea katikati ya misimu hiyo miwili. Aliyekuwa akiupora mpira ndiye aliyeondoka, na bila mporaji hakuna cha kushtukiza.

Langu ni swali. Msimu wa kwanza nilimaliza nafasi ya sita kwa mbinu hii hii. Msimu wa pili, kwa wachezaji walewale, karibu kila timu ndogo iliyokuja kwenye uwanja wangu ilikaa nyuma ya mpira na watu kumi, nami nikawa namiliki mpira kwa asilimia 60 bila hata kutaka, nikipiga mashuti ya mbali yasiyo na maana. Wengi wanasema kompyuta inadanganya. Mtoa mada anasemaje?

Mtoa mada

Nianze na swali la mwisho, kwa sababu humo ndimo kiini cha mjadala kilimo. Kompyuta haidanganyi, ndugu yangu, imekuheshimu. Mameneja wanaoendeshwa na mchezo huipima timu yako kwa hadhi yake na mwenendo wake, na ukishamaliza nafasi ya sita, timu ndogo zinakuja kwako kutafuta pointi moja. Mbinu yako haikubadilika, ila uwanja uliokuwa ukiachiwa umefungwa. Hili ndilo nililokusudia niliposema kwamba nafasi inatokana na uthubutu wa mpinzani, na linamjibu pia ndugu wa kwanza: kama kushtukiza kungekuwa mali ya wanyonge, basi yule mnyonge aliyekuja kukaa nyuma kwenye uwanja wako ndiye angekuwa anakuumiza. Hakuumizi. Anakubana tu, kisha anaondoka na sare yake.

Kuhusu Hattrick, nimeisoma hoja hiyo mara mbili na nakiri kwamba sikuwa nimeifikiria. Nitaongeza jambo moja tu. Sheria ile ya kutaka uzidiwe kwenye kiungo ni njia ya watunzi ya kukadiria kitu kisichoweza kuonekana katika mchezo usio na uwanja, nacho ni kwamba mpinzani amepanda. Pale ambapo uwanja upo na kila mchezaji ana mahali anaposimama, makadirio hayo hayahitajiki, kwa kuwa unaweza kumfanya mpinzani apande hata kama wewe ndiwe bora.

Namna ya kumfanya apande ndiyo sehemu ngumu, na kuhusu Real Madrid nakubali kwamba niliipita haraka mno. Mimi nyumbani nafanya hivi. Mstari wa kuanzia kukaba naushusha mpaka katikati ya uwanja, lakini mstari wa mabeki siushushi pamoja nao. Ukishusha yote miwili umepaki basi, na mpira utakaoupora utakuwa mita themanini kutoka langoni kwao, njia ndefu ambayo hata winga mwenye kasi ya 17 ataimaliza akiwa peke yake. Mabeki wao wa kati wakiachiwa mpira bila kusumbuliwa, hata timu yenye hofu huanza kusogea taratibu, na mabeki wa pembeni ndio wa kwanza kupanda. Hapo ninayemhitaji ni winga asiyerudi sana kukaba, abaki juu nyuma ya beki aliyepanda. Na wapinzani wanapopata kona, nawaacha wachezaji wangu wawili mbele, si mmoja, kwa sababu mmoja hana wa kumpa pasi.

Haifanyi kazi kila mara. Zipo mechi ambazo mpinzani hapandi kabisa mpaka dakika ya 60, mabeki wao wanapasiana wenyewe kwa wenyewe na matokeo ni bila kwa bila, na katika mechi hizo naondoa agizo la kuondoka kwa kasi, naingiza kiungo mchezeshaji badala ya mmojawapo wa wakabaji, naanza kujenga mashambulizi kwa subira kama meneja mwingine yeyote. Katika msimu niliomaliza juzi, mechi za namna hiyo zilikuwa tisa kati ya 19 za nyumbani, na bao la kwanza likishaingia narudisha lile agizo mara moja, kwa kuwa sasa aliyekuja kutafuta sare hana budi kupanda.