Mwanafunzi wangu ameishia kwenye viazi, nimpateje mzazi?

Mwalimu wa darasa, Uyole:
Wadau, kijana wangu wa kidato cha pili hajaonekana wiki ya tatu. Msimu wa viazi ukifika madawati yanabaki matupu. Barua ya wito nilimpa mdogo wake, nikaja kuikuta imefungia maandazi. Simu ya baba haipatikani. Nifanyeje kabla hajapotea kabisa?

Mzazi, Tukuyu:
Pole mwalimu. Simu ya shule ikiingia mimi moyo hupasuka, maana ni mchango au kesi. Siku moja mwalimu wa binti yangu alipiga kusema tu, "Mama, leo kasoma vizuri." Tangu hapo napokea hata nikiwa katikati ya chai, kapu mgongoni. Mtafute mama, jioni.

Mwalimu mstaafu, Njombe:
Mwanangu, nenda nyumbani kwao na balozi wa nyumba kumi. Usianze na sheria, uliza kwanza hali ya wagonjwa. Hata akiwa ameshaacha, tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo wanaruhusiwa kurudi. Wazazi wengi hawajaambiwa.

Mwalimu wa darasa, Uyole:
Shikamoo mwalimu, asante. Mama nimempata. Baba amelazwa, kijana ndiye anayebeba magunia. Jumamosi naenda.