The Godfather: mlango wa filamu au kanisa la kitabuni?

MamaWawili: The Godfather, filamu ya Coppola ya 1972 kuhusu familia ya mafia, nimeshaitazama mara nyingi, ila kitabu cha Mario Puzo cha 1969 ndio kwanza nimekimaliza Jumapili. Kwenye filamu, Kay anamuuliza mumewe, Michael, kama ni yeye aliyemuua Carlo, mume wa dada yake Connie. Michael anakana, Kay anashusha pumzi, kisha anafungiwa mlango. Basi, imeisha. Kitabuni Kay anajua. Anabeba watoto, anakwenda kwa wazazi wake New Hampshire, Tom Hagen, wakili wa familia, anamfuata, naye anarudi macho yakiwa wazi. Anaingia Ukatoliki na kumuombea Michael kila asubuhi, kama mama mkwe alivyokuwa akimuombea Don Corleone, baba yake Michael na mkuu wa familia. Naona filamu imemnyang'anya huyu mwanamke uamuzi wake. Mnasemaje?

Mtu wa Makorora: Sikubali, dada. Ule uso wa Diane Keaton, aliyemwigiza Kay, mlango ukijifunga unamaliza maneno yote ya kanisani. Halafu Puzo mwenyewe aliandika muswada wa filamu pamoja na Coppola, na Oscar ya muswada walipewa wote wawili. Mwenye kitabu keshakubali, sisi tunamlilia nini? Tatizo mkisoma kitabu kimoja lazima mtangaze.

MamaWawili: Hilo la mwisho limeniuma. Nimekinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, kurasa zinachomoka, nasoma watoto wakishalala. Sijamtangazia mtu. Nimeuliza swali.

Kinda la Mwananyamala: Mimi niliiona kibanda umiza, DJ akitafsiri. Huo mlango wala siukumbuki vizuri. Nakumbuka kichwa cha farasi kitandani, nusu ya watu walitoka nje.

Mwalimu Kasulu: Basi hukuiona, mkuu. Pale mgahawani Sollozzo, adui wa familia, anamsemesha Michael Kiitalia, na filamu haikuweka maandishi ya kutafsiri. Ni makusudi. Unaachiwa macho ya Michael tu, yanahangaika, na kelele za treni zinazidi mpaka bastola inalia. Sasa DJ akiongea juu ya pale, umebaki na nini?

Kinda la Mwananyamala: "Hukuiona" ndiyo nini, Mwalimu? Nililipa kiingilio changu, nikakaa kwenye benchi la mbao mpaka mwisho. Mtaa wetu Don Corleone tumemjua kwa yule DJ. Marehemu bibi yangu hakujua neno la Kiingereza, lakini alikuwa anatusimulia habari za Sonny, kaka yake Michael, alivyovamiwa pale kwenye kizuizi cha ushuru. Usituvue utazamaji wetu. Kwani wewe Kiitalia unakijua?

Mwalimu Kasulu: Sikijui! Ndiyo hoja yangu hiyo, hatukutakiwa kukijua. Bibi sikumgusa, na Mungu amrehemu.

Otis wa Nakuru: Hapo umekosea, Mwalimu. Huku Kenya watu wamelelewa na DJ Afro, msimulizi wa filamu. Msimulizi anafanya kazi ya fanani, hadithi anaifanya yake. Ukisema mtu hakuiona, unamaanisha sinema ni ya waliosoma peke yao.

Mtu wa Makorora: Tunapotea. Turudi kwenye filamu yenyewe, ambayo hata Brando, aliyemwigiza Don, alinyimwa Oscar kwa chuki.

Mwalimu Kasulu: Hakunyimwa. Alipewa, akaikataa. Machi 1973 alimtuma Sacheen Littlefeather aeleze jinsi Hollywood inavyowatendea Wenyeji wa Marekani. Aliyekosa ni Coppola, ya uongozaji ilikwenda kwa Bob Fosse wa filamu ya Cabaret.

Mtu wa Makorora: Sawa, nimesahihishwa. Ila Fosse kumshinda Coppola sitakubali hadi naingia kaburini.

Kinda la Mwananyamala: Nimempigia kaka yangu, tulikuwa wote siku ile. Anasema mwisho, pale mlangoni, DJ alinyamaza kabisa. Watu wakapiga kelele wakidhani spika imekufa. Kwa hiyo Mwalimu, alijua pa kunyamaza.

Mwalimu Kasulu: Hilo nampa, kwa moyo mmoja. "Hukuiona" nalifuta, niwie radhi. La mgahawani bado nalishikilia.

MamaWawili: Ndugu zangu, na Kay je?

Otis wa Nakuru: Dada, tazama tena sehemu ya pili, ya 1974. Kay anamwambia Michael usoni kwamba mimba haikuharibika, aliitoa mwenyewe, maana hakutaka kumzalia mtoto mwingine wa kiume aingie katika mambo yale. Hilo kitabuni halimo. Baadaye anakuja kuwaona watoto, amesimama mlangoni anamuaga mwanawe, na Michael anaufunga mlango kwa mkono wake.

MamaWawili: Kwa mkono wake. Ile ya kwanza ni Neri, mtu wa Michael, aliyeufunga. Ngoja niitafute usiku huu.