Ushauri: niuze 86 yangu ya 2013 nichukue GR86? Sura mpya inanitatiza

Dereva_ZN6 (mwenye uzi)
Habari zenu wadau. Nina Toyota 86 ya 2013, toleo la kwanza (ZN6), gia za mkono, kilomita 118,000. Injini ni nzima, klachi ni mpya. Tangu niione GR86, toleo jipya la 86, kwa macho kwenye maegesho huko Westlands nimekosa utulivu. Mwanzoni sikuipenda: mdomo wa mbele mpana, taa za nyuma kama za gari la kampuni nyingine. Nilipoizunguka mara ya pili nikaona ubavu ni ule ule, makalio yameinuka kidogo, nikaanza kulainika.

Kwa mnaoijua: hii ni 86 iliyokomaa au wamebadilisha roho yake? Na hapa Nairobi tofauti inasikika barabarani au ni ya kwenye makaratasi tu? Nauliza tu, sijaamua chochote.

Boksa_Kileleshwa
Karibu kila mwenye ZN6 huanza kwa kulalamikia mdomo huo. Lakini angalia zile nafasi nyuma ya magurudumu ya mbele. Kwenye ZN6 pale pana plastiki ya urembo tu, imeziba. Kwenye GR86 pako wazi kweli, hewa inayojaa ndani ya tao la gurudumu inatokea pale. Mkia wa nyuma nao umeinuka.

Kilichobadilika zaidi hukioni kwa macho. Bodi imekazwa, ukakamavu wake dhidi ya kujipinda umepanda kwa takriban asilimia 50. Ukipita tuta kwa gurudumu moja ndipo utajua. Na paa sasa ni alumini, pamoja na mabawa ya mbele. Boneti ilikuwa alumini tangu ZN6.

FundiBodi_Grogan
Hapo kwenye alumini wengi hupita haraka, na ndipo pesa inapopotelea. Bawa la chuma likibonyea, fundi yeyote wa Kirinyaga Road atalinyoosha, apake pati ya kujazia, apige rangi. Alumini haikubali hivyo. Ikishanyooka haikumbuki umbo lake, na ukiipasha moto inaweza kulainika ghafla bila kubadilika rangi ya kukuonya. Kuichomelea kunahitaji gesi ya argoni na waya wa alumini, na vifaa vya kusugulia visiwe vile vilivyogusa chuma, la sivyo chembe za chuma hubaki ndani na kutu huanza chini ya rangi.

Kwa hiyo bawa likipigwa na bodaboda, uliza kwanza bei ya bawa jipya kabla ya kukubali linyooshwe. Ukienda kukagua gari, beba sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini. Kwenye milango ishike. Ikishika kwenye bawa la mbele, ujue limewekwa lisilo la asili.

Mhesabu_Upepo
Swali la barabarani lina jibu la namba. Injini ya ZN6 ni FA20, lita 2.0, nguvu farasi 200, toki (nguvu ya kuzungusha) 205 Nm ambayo unaipata juu kabisa, mizunguko 6,400 na kuendelea. GR86 ni FA24, lita 2.4. Kipenyo cha silinda kimetoka milimita 86 hadi 94, mwendo wa pistoni umebaki 86. Nguvu 235, toki 250 Nm kwenye mizunguko 3,700.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na injini hizi hazina turbo, kwa hiyo hewa nyepesi hukata kama asilimia 15 au 16. ZN6 ya Nairobi inabaki na farasi 168 hivi, GR86 inabaki na 197. Maana yake GR86 hapa inakupa karibu kile ambacho ZN6 inatoa ikiwa Mombasa. Lakini usitazame farasi peke yake. ZN6 ina lile shimo kati ya mizunguko 3,500 na 4,500, unakanyaga na gari linasitasita. Hapo hapo ndipo GR86 ina toki yake kubwa. Kwa anayepanda kuelekea Limuru kwa gia ya tatu, hiyo ndiyo tofauti.

Dereva_ZN6
Asante sana Mhesabu, hilo la toki ndilo nililokuwa nataka kusikia. Shimo hilo linanichosha kila siku. Na kuhusu sura, nikiitazama tena naona ni nzuri. Nadhani macho yalihitaji muda tu.

Bi_Syokimau
Mwanangu, nisamehe nikitoka kwenye injini kidogo. Kiti cha nyuma cha gari hili hakimbebi mtu mzima. Cha mtoto kinaweza kufungwa, lakini inabidi kiti cha mbele kisogezwe hadi abiria apige magoti kwenye dashibodi. Ikiwa hilo ndilo gari pekee la nyumbani, liangalie jambo hilo kabla ya toki. Gari la mchezo ni halali ya mtu aliyekwisha kutimiza ya nyumbani.

Rimu_5x100
Kwa barabara zetu mimi ningetazama matairi. GR86 ya daraja la RZ inakuja na 215/40R18, ukuta wa tairi ni milimita 86. Shimo moja la Mombasa Road linatosha kupinda rimu. Daraja la SZ lina 215/45R17, ukuta unafika 97, na kimo cha gurudumu zima kinatofautiana milimita 4 tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi.

Habari njema kwa mwenye ZN6: mashimo ya boliti ni 5x100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100) kwenye zote mbili, kitovu milimita 56.1. Rimu zako za 17 zinaingia bila spesa. Usiziuze na gari. Kutoka ardhini ni milimita 130 tu, matuta uyaingie kwa pembe, gurudumu moja kwanza.

Oili_Safi
Mnazungumzia taa na rimu, hakuna aliyetaja silikoni?

Kiwandani injini ya FA24 hufungwa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kifuniko cha mbele kwa silikoni ya maji, gundi ya kuzibia. Ikipakwa nyingi, ziada husukumwa ndani, inakauka, inakatika vipande, na vipande hivyo huenda kukaa kwenye chujio la bomba linalovuta oili chini ya sampu. Si kila injini hupatwa na madhara, lakini ikiziba sana presha ya oili hushuka na beringi za kranki ndizo hulipa. Hatari huzidi kwenye kona ndefu za kulia kwa mizunguko ya juu, oili inapokimbilia upande mmoja.

Ukitaka kukagua: mwaga oili, ingiza kamera ya bomba kupitia tundu la boliti ya kumwagia, tazama chujio. Ukiona safi, acha. Kama lazima ufungue sampu ndogo, ikate taratibu usipinde kingo, ondoa silikoni ya zamani yote kwa kifuta cha plastiki, safisha kwa kisafisha breki, paka uzi mwembamba sana, kisha usitie oili mpaka ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Fundi anayepaka nyingi ili isivuje anakurudishia tatizo lile lile. Oili ni 0W-20, lita 5 ukibadilisha na filta.

Kaguzi_Bandari
Dereva_ZN6, unaulizwa ushauri wa gari gani hasa? Mwaka gani, daraja gani, gia gani, linatoka wapi? Na kuna pesa iliyotoka?

Dereva_ZN6
Natazama tazama tu. Kuna moja Japani imenivutia, nyeupe, RZ ya 2022, gia za mkono, kilomita 21,000. Imekamilika, hata ina zile kamera mbili za EyeSight (mfumo wa kuepusha kugonga) juu ya kioo cha mbele. Bei yake ni nzuri kuliko nyingine nilizoona.

Kaguzi_Bandari
Kabla ya bei nzuri, jua kwamba KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haikokotoi kwa bei uliyonunulia. Inaanza na bei ya gari jipya kwenye orodha yake, inatoa uchakavu kulingana na umri, ndipo inapata thamani ya forodha. Juu ya hapo ni ushuru wa forodha asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa injini inayozidi sisi (cc) 1,500, kisha VAT asilimia 16, na kila mmoja unakaa juu ya uliotangulia. Thamani ya shilingi 100 inakuwa 135, halafu 168.75, halafu 195.75. Ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli bado hazijaingia. Kwa umri haina shida, sheria ni miaka 8 na GR86 iliingia sokoni Japani Oktoba 2021.

Umeruka swali la pesa.

Petroli_95
Mgandamizo wa injini ya GR86 ni 12.5 kwa 1, Japani injini hii hudai petroli ya daraja la juu. Hapa tafuta pampu ya oktani 95, si supa ya kawaida. Nairobi hewa nyepesi inakulinda kidogo injini isigonge, lakini ukiteremka Mombasa ulinzi huo unaisha na kompyuta itarudisha cheche nyuma, nguvu ipungue.

Mwanafunzi_wa_ZN8
Samahani, lakini gari alilolieleza mwenye uzi halikuuzwa Japani. GR86 za gia za mkono za Kijapani hazikuwa na EyeSight mpaka marekebisho ya 2023. Kabla ya hapo EyeSight ilikuja na gia otomatiki pekee. RZ ya 2022, gia za mkono, kamera mbili: vitu hivyo vitatu havikai gari moja. Nahisi kisa kimetungwa.

Rimu_5x100
Ni kweli. Na tangu mwanzo anajibu yanayompendeza tu. Tumemwandikia mtu asiye na hata ZN6?

Dereva_ZN6
Sijatunga. ZN6 ninayo, shimo la mizunguko 3,500 mtu hawezi kulibuni. Nimeandika nilivyoambiwa na wakala, na picha ninazo.

Sawa, niseme. Nimeshalipa asilimia 30, Jumatatu iliyopita. Na ZN6 tayari ina mnunuzi, anakuja Jumamosi. Sikusema kwa sababu najua mngeniambia nimekosea, na mimi sioni kama nimekosea. Wakala amenihudumia vizuri, anajibu simu usiku na mchana.

Mwanafunzi_wa_ZN8
Basi nakuomba radhi, na wewe ndiye uliye hatarini. Yako mambo matatu: ama mwaka si 2022, ama gia si za mkono, ama picha ni za magari mawili. Tazama picha ya usukani. Vibao vya kubadilishia gia vikiwepo nyuma yake, ni otomatiki.

Kaguzi_Bandari
Kujibu simu si ushahidi. Omba leo karatasi halisi ya mnada, si tafsiri iliyopigwa chapa upya. Kwenye kisanduku cha gia, F6 ni gia sita za mkono, FA au AT ni otomatiki. Kwenye daraja, 4.5 au 4 ni sawa, R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. W ni mawimbi ya kunyooshwa, na ikiwa kwenye bawa la mbele mkumbuke FundiBodi. Modeli isomeke 3BA-ZN8, maana ZN8 ndiyo GR86. Mwaka utaupata kwenye cheti cha usafirishaji, tarehe ya usajili wa kwanza.

Na mnunuzi wa ZN6 mwambie asubiri. Usibaki bila gari na bila pesa.

Dereva_ZN6
Karatasi imefika. Daraja 4.5, hakuna XX, A1 (mkwaruzo mdogo) kwenye bampa ya nyuma. 3BA-ZN8. Kwenye gia imeandikwa FA.

Wakala anasema alichanganya na gari jingine na yuko tayari kunirudishia dipoziti au tuendelee na hili kwa bei pungufu. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Thika Road saa kumi na mbili jioni otomatiki si dhambi. Na Torsen, ile difu ya kuzuia gurudumu moja kuteleza, inayo, sivyo?

Oili_Safi
RZ inayo, hata otomatiki. Injini ni ile ile. Lakini ulikuja hapa kwa ajili ya shimo la 3,500 na gia za mkono ulizitaja mara mbili.

Boksa_Kileleshwa
Ujue pia gia ya mwisho ni 3.9 badala ya 4.1 ya mkono, kwa hiyo inaondoka kwa upole zaidi, na hewa ya Nairobi itaongeza upole huo. Na kioo cha mbele kikipasuliwa na jiwe barabara ya Nakuru, kamera za EyeSight lazima zipimwe upya kwa mashine baada ya kioo kubadilishwa. Uliza nani anayo mashine hiyo hapa mjini kabla ya kutia sahihi, na bima yako kama inalipia kazi hiyo.

Dereva_ZN6
Nimempigia mnunuzi wa ZN6, nimemwambia Jumamosi haipo. Dipoziti nimeomba irudi kwa maandishi.

Kaguzi_Bandari
Vizuri. Ikirudi, tafuta iliyoandikwa F6. Ukitaka na EyeSight, anzia usajili wa mwisho wa 2023. Ukiipata, weka karatasi hapa, lakini ziba tarakimu za mwisho za namba ya fremu kwanza.