FLAC kwa simu ya Nairobi: ni maskio ama ni kiburi?

Mwanzilishi, Umoja:

Wasee tujadili hii kitu na tusitusiane. Juzi jioni niko kwa mat ya Umoja, mvua imenyesha, Jogoo Road imekwama hadi dere amezima injini, alafu jamaa wawili nyuma yangu wakaanza kuvutana. Mmoja anasema kuskiza MP3, zile faili ndogo za muziki, ni kama kunywa chai ya majani ya jana, mwenzake anamwambia FLAC, zile faili kubwa hazijapunguzwa kitu, ni ugonjwa wa watu wako na bando ya kuchezea. Nikashuka kabla waelewane na wakanibakisha na swali. Mtu wa kawaida wa hapa, ako na simu na hedifoni, kuna haja ajaze simu FLAC ama MP3 zinatosha?

Msimamo wangu nauweka mapema ndio msinizungushe: zinatosha, bora ziwe safi. Na hapo kwa "safi" ndio kesi yote iko.

Hesabu kwanza juu watu hubishana bila hesabu. CD inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, alafu mara mbili juu kuna kushoto na kulia. Ukizidisha unapata kbps 1,411 (kilobiti kila sekunde), yaani wimbo wa dakika 4 unakula MB 42 hivi. FLAC inachukua hiyo hiyo na kuikunja bila kutupa kitu, kama vile mama anakunja nguo zikaingia kwa begi ya shule, ukifungua shati ni lile lile na vifungo vyake vyote. Mara nyingi inabaki kitu kama nusu, MB 25 hapo, inategemea wimbo. MP3 nayo inatupa. Ya kbps 320 ni MB 9.6 kwa huo wimbo, ya 128 ni MB 3.8. Kwa hivyo GB moja ya memori kadi inakupa nyimbo 40 za FLAC, ama 100 za 320, ama 260 za 128. Mwenye simu ya GB 32 iliyojaa picha za harusi za watu anajua mbona naongea hivi.

Sasa inatupa nini? Inatupa zile sauti sikio halingezishika hata hivyo. Simama stage, basi ipige honi karibu na wewe wakati makanga anakunong'onezea bei, utaona mdomo unacheza na hutaskia neno. Kwa muziki ni hivyo hivyo, ngoma ikipiga kwa nguvu inafunika vitu vidogo vilivyo karibu nayo, na wale Wajerumani wa Fraunhofer waliotengeneza MP3 walichora hesabu ya ni nini kimefunikwa na nini hakijafunikwa ndio kile kimefunikwa kisipewe nafasi. Mmoja wao, Karlheinz Brandenburg, alikuwa anaipima na wimbo wa Suzanne Vega anaimba peke yake bila ala hata moja, na hiyo sauti tupu ndio ilimsumbua kuliko ngoma zote, juu hakuna kitu cha kuificha makosa. Jina lenyewe la .mp3 liliamuliwa Julai 1995. Si kitu ya jana na si kazi ya kubahatisha.

Nimejipima pia. Binamu yangu alikaa na laptop, mimi nimeangalia ukuta, wimbo mmoja FLAC na 320 iliyotolewa kwa hiyo FLAC yenyewe, ananichezea mara 20 nikisema ni gani. Nikapata 11. Ningerusha shilingi ningepata hapo hapo. Tukarudia na 128 nikapata 17, na nilijua ni wapi pa kuskiza: matoazi. Kwa 128 toazi halilii, linachemka, ile sauti ya viazi vikiingia kwa mafuta ya chipo. Na makofi ya watu kwa muziki wa laivu yanakuwa kama mvua kwa mabati.

Haya nipingeni.

Dijei wa wikendi, Kasarani:

Boss hapo kwa 320 nakuunga mkono lakini hizo 320 unapata wapi? Nitakwambia kitu ilinitokea. Nilinunua flashi town, nyimbo 1,000, mwenye duka ananiapia zote ni 320, na ukweli kila faili imeandikwa 320 na ni kubwa kama 320. Siku ya kwanza kwa harusi, spika kubwa, juu kote kumekufa, nikadhani twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zimeungua. Fundi akafungua akaniambia twita ni nzima. Kufika nyumbani nikaweka zile faili kwa Spek, ile programu inachora sauti kwa rangi, na karibu zote zimekatwa kwa 16 kHz, sauti kali za juu ya hapo hazipo, kama mtu amepitisha panga. 320 ya ukweli hufika 20 hapo. Hizo zilitolewa YouTube, na kule sauti huwa kbps 128 hadi 160 za AAC ama Opus, njia zingine za kukunja kwa kutupa kama MP3, alafu mtu akazigeuza kuwa MP3 "320". Ni kuongeza maji kwa uji na kubadilisha sufuria iwe kubwa.

Mwanzilishi, Umoja:

@Dijei hiyo ndio nilikuwa naita kesi. Faili imetupwa vitu YouTube, ikatupwa tena ikigeuzwa, mtu akaiweka kwa mix akaisevu 128 tena, alafu ndio sisi tunaskiza kwa mat tunasema MP3 ni mbaya. MP3 imefanya nini hapo? Hiyo ni nguo ya mtumba imefuliwa na Jik mara tatu unalaumu pamba.

Wa South B:

Nyinyi watu si MP3 ilikufa 2017? Nilisoma mahali wenyewe wameifunga.

Fundi wa spika, Luthuli:

Haikufa bro. 2017 ni haki za hataza ziliisha na wenyewe wakaacha kutoza leseni, watu wa magazeti wakaandika mazishi. Maana yake ni kinyume kabisa, saa hii mtu yeyote anaweza tengeneza kifaa cha MP3 bila kulipa mtu. Kuna zenye zinaishinda kwa saizi ile ile, hiyo ni kweli. AAC inaishinda, Opus inaishinda kabisa ukienda chini, hizo voisi noti zenu za WhatsApp ni Opus, na ni kodeki ya 2012. Lakini redio ya gari ya zamani haijui Opus ni mnyama gani, na redio ya gari ndio inaniletea wateja.

Mimi niongeze yangu. Watu huja hapa na hedifoni za Bluetooth za bei rahisi wananiuliza mbona FLAC haijabadilisha kitu. Sasa hiyo FLAC yako ikitoka kwa simu kuenda hewani inakunjwa upya, na njia ya kukunja ya Bluetooth inaitwa SBC ndio kila kifaa lazima kiwe nayo na inacheza hapo kwa kbps 328 ikijaribu sana. Kuna LDAC inafika 990 lakini hata hiyo haijafika 1,411, na lazima simu na hedifoni zote ziwe nayo, na mkiwa kwa jam na simu mia moja zinapigana hewani itajishusha yenyewe. Unabeba maji kwa tanki unamwagia kupitia mrija wa soda. Kama unataka FLAC tafuta waya kwanza.

Binti wa Jogoo Road:

kwani kuna simu bado iko na tundu ya waya 😂

Wa nganya, Rongai:

Mimi naongea kama mtu ameendesha gari yenye wufa mbili za inchi 12 na twita nane. Kuna watu husema kwa mat kelele ya injini inaficha makosa ya MP3. Zii. Inaficha kwa sauti ya kawaida, lakini sisi hatupigi ya kawaida. Wenye gari wanavuta ekwalaiza, besi juu mwisho, na zile za juu mwisho, katikati chini, iwe kama tabasamu. Sasa mkimskiza mwanzilishi vizuri, MP3 inaficha makosa yake chini ya sauti kubwa, si ndio? Nikivuta zile za juu mwisho nimefanya nini? Nimetoa kifuniko. Makosa yote yanatoka nje kama mende ukiwasha stima. Nilibadilisha flashi nikaweka nyimbo zimetolewa kwa CD, mwanafunzi mmoja wa hapo Multimedia akaniuliza nimenunua spika mpya. Sijanunua hata fiyuzi.

Mwanzilishi, Umoja:

@Rongai hiyo sikuwa nimeifikiria na ni ya ukweli, ile hesabu ya kufunika imepigwa kwa wimbo venye ulivyo, si venye wewe umeuvuta. Lakini nikuulize, hizo za CD zilikuwa na sauti sawa na za kwanza? Juu huu ndio mtego umenasa watu wengi: wimbo ukiwa juu kidogo tu, sikio linasema ni mzuri zaidi, hata kama ni faili moja. Mimi na binamu tulianza bila kusawazisha sauti na nikapata karibu zote, nikajiona niko na maskio ya popo, kumbe nilikuwa naskia volyumu.

Wa nganya, Rongai:

Sijui bana. Inaweza kuwa. Lakini abiria alifurahi.

Wa Kilimani:

Mnapoteza muda na CD, dunia imehama. Mimi niko kwa faili za biti 24 kHz 192, yaani vipimo 192,000 kila sekunde, hiyo ndio sauti ya studio yenyewe. Ukishaizoea huwezi rudi.

Fundi wa spika, Luthuli:

Kaka na heshima yote. Vile vipimo 44,100 vya CD, yaani kHz 44.1, vinashika sauti hadi nusu yake, 22 kHz na kidogo, sikio la kijana mwenye afya linaishia 20, la kwangu baada ya miaka yote hapa Luthuli na wauzaji wote wanapima wufa kwa wakati mmoja sijui kama linafika 13. Hiyo 192 inashika hadi 96 kHz, hiyo utaskizia na nini? Biti 16 zinakupa desibeli 96 kati ya kimya na kelele, na nyumba yako Kilimani usiku jenereta ya jirani peke yake imekula 40. 24 ni ya mtu anarekodi, juu hajui msanii atapiga kelele saa ngapi na anataka nafasi.

Mzee wa santuri, Kariokor:

Vijana nimewasoma tangu juu. Nyote mnaongea kama kwamba wimbo tayari uko mahali fulani salama na kazi yenu ni kuchagua sahani ya kuupakulia. Mimi nina santuri zipatazo mia tatu, nyingi benga, za zile studio na maduka ya River Road. Zile ndogo za mizunguko 45. Wimbo unaanza upande wa A taratibu, anaimba, anasifu rafiki zake, halafu unageuza upande wa B ndipo gitaa linachangamka. Nyingine sijawahi kuzisikia popote tena, wala redioni.

Mwaka juzi mpwa wangu alinisaidia kuziingiza kwa kompyuta. Kijana mzuri, mwenye haraka. Akaziweka zote MP3 128 ili zienee kwa flashi moja, na zile kumi alizoanza nazo akaziacha kwenye gunia sakafuni, maji yakaingia siku ya mvua. Karatasi za katikati zimetoka, na mbili zimejikunja kwa sababu alizianika juani. Sasa ule upande wa B wa hizo kumi ninao, lakini matoazi ndiyo hayo ya viazi anayosema mwanzilishi. Hakuna mashine ya kunirudishia.

Mwanzilishi, Umoja:

Mzee pole sana. Na hapo umenishika. Swali langu lilikuwa la kuskiza nikasahau kuna kuweka. Kutoka FLAC unatoa MP3 leo, kesho Opus, keshokutwa kitu bado haijaundwa, na kila mara unaanza na kitu nzima. Kutoka MP3 unaenda chini tu. Kwa hivyo nabadilisha msimamo nusu: kwa simu bado nasema 320 safi, sitoki hapo. Lakini kama ni wewe uko na santuri ama kanda ama CD pekee iliyobaki, ukiiweka MP3 unachoma mbegu.

Na hata hesabu ya nafasi inabadilika. Santuri 290 zilizobaki, pande mbili, tuseme dakika 4 kila upande, hizo ni pande 580 mara MB 25, haifiki hata GB 15. Hiyo inaingia kwa flashi ya kawaida, na tukirekodi kwa biti 24 kama Fundi anavyosema bado haitajaza diski ndogo.

Dijei wa wikendi, Kasarani:

Mzee mimi niko na kifaa cha kurekodi chenye kinaingia kwa USB. Tenteibo tu, ile mashine ya kuchezea santuri, ndio sina.

Mzee wa santuri, Kariokor:

Tenteibo ninayo, mkanda wake umelegea.

Fundi wa spika, Luthuli:

Mkanda na sindano niachieni mimi. Mzee hiyo mashine inaitwaje, nione kama sindano yake bado inapatikana?

Mzee wa santuri, Kariokor:

Jina limefutika, nitakupigia picha. Njooni Jumamosi asubuhi kabla jirani hajafungulia muziki wake. Na mje na vitambaa laini, hizi santuri zina vumbi.